Maswali ya Wasomaji kwa Daktari wa Macho: Skrini Inapolaumiwa kwa Kila Kitu

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii katika miezi ya karibuni, kutoka Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa na hata Manyoni, zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: je, simu na kompyuta zinatuharibia macho? Nimechagua sita na kuzijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa uzito wake haulingani. Majina ya walioandika nimeyaacha kwa makusudi, na baadhi ya barua nimezifupisha. Nitangulize jambo moja ambalo litajitokeza tena katika majibu yangu. Wagonjwa wanaonitia majonzi zaidi si wale ambao skrini imewachosha macho, maana hao karibu wote hupata nafuu; ni wale ambao kwa miezi au miaka waliilaumu skrini huku ugonjwa mwingine kabisa, ambao ungeweza kudhibitiwa kama ungewahiwa, ukiendelea kuwapunguzia uoni kimyakimya.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mhasibu katika wizara mojawapo kwenye Mji wa Serikali, Mtumba, na nilihamia huku pamoja na ofisi kutoka Dar es Salaam. Kila siku kuanzia saa nane mchana macho yananichoma kana kwamba yameingia mchanga, kisha maandishi kwenye kompyuta yanakuwa na ukungu; nikipepesa yanarudi sawa kwa muda mfupi, halafu ukungu unarudi. Kinachonishangaza ni kwamba nikitoka nje kwenye upepo machozi yananibubujika. Dar es Salaam nilifanya kazi hii hii, kwa saa hizi hizi, wala sikuwa na shida. Je, kompyuta imeshaniharibia macho? (Mhasibu, Mtumba)

JIBU: Marahaba, ndugu mhasibu. Hapana, kompyuta haijakuharibia macho, na maelezo yako yenyewe yanaonyesha hivyo. Ukungu unaoondoka mtu akipepesa kwa kawaida hautoki ndani ya jicho. Unatoka juu yake, kwenye machozi. Kwa kadiri barua inavyoweza kuonyesha, ulicho nacho ni ukavu wa macho.

Mbele ya jicho kuna utando mwembamba sana wa machozi, na mwanga wote unaoingia ndani hupitia hapo kwanza. Utando huo una ute unaoushikiza kwenye jicho, maji ambayo ndiyo sehemu kubwa, na juu kabisa mafuta yanayotolewa na tezi ndogondogo zilizopangwa kwenye kingo za kope. Mafuta hayo hutanda juu ya maji, kama yanavyotanda juu ya mchuzi, na kazi yake ni kuzuia maji yasikauke haraka. Kila tunapopepesa, kope hukamua mafuta kidogo na kuutandaza utando wote upya. Mtu anayezungumza au kutembea hupepesa takriban mara 15 hadi 20 kwa dakika bila kujua. Akikazia macho skrini, idadi hiyo huweza kushuka hadi mara 5 au 7, na mara nyingi kope ya juu hushuka nusu ya njia tu kisha ikarudi, ikiiacha sehemu ya chini ya jicho wazi kwa dakika nyingi mfululizo. Mhasibu anayefuatilia safu ya tarakimu ili asipitwe na kosa hata moja ndiye hasa mtu anayesahau kupepesa.

Kliniki tunalipima jambo hili kwa macho yetu. Tunagusisha ndani ya kope kikaratasi chenye rangi ya manjano iitwayo fluoresini, tunamwomba mgonjwa apepese kisha ayaache macho wazi, nasi tunatazama kwa darubini yenye mwanga wa buluu. Mwanzoni sehemu yote ya mbele ya jicho hung'aa kijani, laini, bila doa. Kisha doa jeusi hutokea, mara nyingi upande wa chini, likafuatiwa na jingine, na madoa hayo yakaanza kuungana. Hapo utando umekatika na uso wa jicho umebaki mtupu. Kwa jicho lenye afya huchukua takriban sekunde 10 au zaidi kabla ya doa la kwanza kutokea. Kwa mtu mwenye ukavu wa kutosha, doa hutokea kabla hata ya sekunde 5. Ule ukungu unaokuja na kuondoka kila unapopepesa ndio madoa hayo hayo, ila wewe unayaona kutoka upande wa ndani.

Machozi yanayokububujika hayapingani na ukavu, yanatokana nao. Uso wa jicho ukibaki mtupu, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa ya maumivu, na tezi kubwa ya machozi iliyo juu ya jicho humwaga maji mengi kwa ghafla. Maji hayo hayana uwiano mzuri wa mafuta na ute, kwa hiyo hutiririka shavuni badala ya kukaa mahali pake, na jicho hubaki kavu kama lilivyokuwa.

Kuhusu Dar es Salaam, umetaja jambo la maana kuliko ulivyodhani. Dar es Salaam ipo pwani na hewa yake ina unyevu mwaka mzima. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda kame zinazopata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo ikikatika tunakaa miezi mingi na hewa kavu, upepo na vumbi. Unatoka kwenye hewa hiyo unaingia ofisini, na kiyoyozi kinapunguza hata ule unyevu mdogo uliobaki. Saa za kazi hazikubadilika na macho ni yale yale, lakini hewa inayoyazunguka sasa inakausha machozi haraka zaidi.

Kwa hiyo anzia kwenye hewa na kupepesa, kabla hujafikiria dawa. Kiti chako kisikae mahali ambapo upepo wa kiyoyozi au feni unakujia usoni. Ishushe skrini mpaka ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo, kwa sababu mtu anayetazama chini hufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho kwa kope, ilhali anayetazama juu huyaacha macho wazi kabisa. Wengi wa wale wanaoweka skrini juu ya mabunda ya karatasi hawajui kwamba wanajiongezea ukavu. Umbali wa sentimita 50 hadi 70 unatosha, na ikiwa hapo huoni vizuri, kuza maandishi badala ya kusogeza uso. Kila baada ya dakika 20 hivi, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 na zaidi, kwa sekunde 20, kwani kuanzia umbali huo msuli unaofanya kazi ya kuona karibu hulegea. Ushauri huo umeenea duniani kote na ni mzuri, lakini mimi huongeza kipengele ninachokiona cha lazima: katika sekunde hizo fumba macho taratibu hadi kope zikutane, zishikilie kidogo, fumbua, urudie mara kadhaa. Ukiwa Mtumba huna haja ya kutafuta pa kutazama. Vilima vinaonekana kutoka karibu kila dirisha.

Jioni, loweka kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, kikamue, ukiweke juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha zisugue taratibu kuelekea kwenye kingo ili mafuta yaliyoganda yatoke. Hilo lisiposaidia baada ya wiki kadhaa, tumia machozi bandia yanayouzwa maduka ya dawa, na kama utalazimika kuyatumia zaidi ya mara nne kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi. Umweleze pia daktari dawa unazomeza, kwani baadhi ya dawa za mafua, za mzio na za msongo wa mawazo hukausha macho. Ikiwa mdomo nao unakauka na viungo vinauma, usiishie kwenye matone. Upimwe mwili mzima.

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka tisa. Akirudi shule anachukua simu ya baba yake na hukaa nayo ndani hadi usiku, na mimi nilimwachia kwa sababu nje kuna magari na naogopa. Sasa anakunja macho akitazama ubaoni, na mwalimu amemhamishia dawati la mbele. Bibi yake anakataa asivae miwani, anasema macho yatazoea miwani na kuwa mabovu zaidi. Je, simu imempofua mwanangu? (Mama, Ipagala)

JIBU: Mama, mwanao hajapofuka, na umefanya vizuri kuandika badala ya kusubiri. Mtoto anayekunja macho kutazama ubao huku kitabu akikisoma bila taabu kwa kawaida ana uoni hafifu wa mbali: jicho lake limerefuka kwenda nyuma kupita kiasi, hivyo taswira ya kitu cha mbali inaangukia mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya kuangukia juu yake. Jicho likirefuka halifupiki tena. Ndiyo maana tunahangaika kuzuia mapema, katika miaka ambayo mtoto bado anakua.

Je, ni simu? Kwa sehemu, lakini si kwa namna watu wengi wanavyofikiri. Mionzi ya simu haina kosa hapa. Kosa ni kwamba simu hushikwa karibu sana, mara nyingi chini ya sentimita 30 kutoka machoni, kwa saa nyingi bila kupumzika, na zaidi ya yote, inamweka mtoto ndani ya nyumba. Ushahidi ulio imara zaidi tulio nao kuhusu kuzuia tatizo hili unahusu mwanga wa nje. Katika mji wa Guangzhou nchini China, wanafunzi wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, na wa shule nyingine wakaendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, walioanza kuwa na uoni hafifu wa mbali walikuwa asilimia 30.4 katika kundi la kwanza na asilimia 39.5 katika kundi la pili. Dakika 40 tu, bila dawa wala gharama. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na dopamini hupunguza kasi ya jicho kurefuka. Darasani au sebuleni mwanga mara nyingi haufiki hata luksi 500 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Nje mchana, hupita luksi 10,000 kwa urahisi. Sisi wa Dodoma, ambao jua tumepewa kwa wingi, hatuna sababu ya kuwafungia watoto chumbani na simu.

Kwa hiyo lenga saa mbili za nje kila siku, ukijumlisha na zile za mapumziko ya shule na njia ya kurudi nyumbani. Si lazima acheze mpira. Anaweza kuchota maji, kukaa kibarazani akifanya kazi za shule, au kumsaidia bibi kupembua mchele uani. Avae kofia jua likiwa kali, na asilitazame jua lenyewe. Najua hofu yako ya magari ni ya kweli, na mtaa usio na mahali salama pa watoto kucheza ni tatizo la afya ya macho kama lilivyo tatizo la ajali. Zungumza na majirani wenye watoto wa rika lake. Mtu mzima mmoja akikaa na kundi la watoto kwenye uwanja wa karibu saa kumi jioni, wazazi wengine wote wanapumua. Ikiwa ana wadogo zake, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Kuhusu miwani, mweleze bibi kwa heshima kwamba miwani sahihi haidhoofishi macho. Anachokiona yeye ni mtoto aliyevaa miwani kisha baada ya mwaka akahitaji yenye nguvu zaidi, akadhani miwani ndiyo iliyosababisha, wakati jicho lilikuwa linaendelea kurefuka kwa sababu mtoto mwenyewe anakua. Kumnyima miwani, au kumpa yenye nguvu pungufu kwa makusudi, hakupunguzi kasi hiyo. Kunamfanya tu asione ubao na aanze kuitwa mzito wa kuelewa. Mpeleke kwa mtaalamu atakayempima kwa matone yanayolegeza msuli wa jicho kwa muda, kwa sababu msuli wa mtoto anayeshinda kwenye simu unaweza kubana kiasi cha kumfanya aonekane ana tatizo kubwa kuliko alilo nalo. Kisha apimwe tena kila mwaka.

SWALI: Shikamoo daktari. Ninasoma Chuo Kikuu cha Dodoma na ninatumia kompyuta mpakato usiku kucha. Kuna mtu anatuuzia miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, na anasema bila miwani hiyo retina zetu zitaungua kabla hatujahitimu. Bei yake ni chakula changu cha wiki mbili. Ninunue? (Mwanafunzi, UDOM)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usinunue. Kula.

Ni kweli kwamba skrini hutoa mwanga wa buluu, lakini kiasi chake ni kidogo mno ukikilinganisha na kile kinachoingia machoni mwako unapotembea kutoka bwenini hadi ukumbi wa mihadhara mchana. Hakuna ushahidi kwamba mwanga wa kompyuta au simu unaiunguza retina ya mtu. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba mbalimbali, ulichapisha mapitio ya majaribio 17 ya miwani hiyo, na hitimisho lake lilikuwa kwamba kwa muda mfupi huenda haipunguzi uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Chama cha madaktari bingwa wa macho cha Marekani nacho hakiishauri. Anayekuuzia kwa kukutisha kuwa utapofuka anakosea, na inaniuma kuona fedha ya mwanafunzi inakwenda huko.

Kinachokuchosha ni kutopepesa na kutazama karibu kwa saa nyingi, kama nilivyomjibu mhasibu wa Mtumba. Ongeza na chumba chenye giza: skrini inayong'aa katikati ya giza huyalazimu macho kuhangaika kati ya mwanga na kiza, kwa hiyo washa taa, na upunguze ung'avu wa skrini ulingane na wa chumba. Mwanga wa usiku una athari moja ya kweli, nayo iko kwenye usingizi: huchelewesha homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala. Dawa yake ni kuifunga kompyuta walau saa moja kabla ya kulala. Ukiwa na maumivu ya kichwa kila unaposoma, upimwe kama una hitilafu ndogo ya uoni ambayo hujawahi kuijua. Hiyo ndiyo miwani ambayo inafaa kuigharamia.

SWALI: Daktari, mimi ni wakala wa fedha kwa simu karibu na soko la Majengo. Ninashika simu tatu kutwa nzima, kibanda kiko barabarani na vumbi ni jingi. Mwaka jana macho yalikuwa mekundu, nikauziwa matone duka la dawa, yakasafisha macho siku hiyo hiyo. Tangu hapo nikiona wekundu ninatia. Nikiacha siku mbili tu yanarudi kuwa mekundu. Kwenye chupa pameandikwa deksamethasoni. Je, ni salama kuendelea hadi nitakapoacha kazi hii? (Wakala, Majengo)

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba ulisome jibu hili hadi mwisho, kisha uende hospitali wiki hii. Katika barua zote za safari hii, yako ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, na simu zako tatu hazihusiki.

Deksamethasoni ni dawa ya jamii ya steroidi. Ni dawa nzuri sana mikononi mwa daktari anayejua kwa nini anaitoa na lini ataisitisha, kwa sababu hutuliza uvimbe na wekundu kwa kasi kubwa. Kwa sababu hiyo hiyo ni hatari inapotumiwa kiholela: macho yanatakata, mtu anaamini amepona, huku dawa ikiendelea kufanya mambo mengine asiyoyaona. Kwa baadhi ya watu, nao si wachache, steroidi hupandisha presha ya macho baada ya wiki chache za matumizi. Presha hiyo haiumi. Inaubana mshipa mkuu unaopeleka taswira kwenye ubongo, na uoni huanza kupotea pembeni, mahali ambapo mtu hatambui upungufu hadi aanze kujikwaa au kugongana na watu. Ugonjwa huo ni glakoma, na uoni uliopotea kwa glakoma haurudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Steroidi ikitumiwa muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho hata kwa kijana. Na jicho likiwa na kidonda cha virusi au fangasi, kama kinachoweza kuanza kwa kuchomwa na jani au kuingiwa na taka shambani, matone hayo hukilisha kidonda.

Usiache ghafla na kukaa nyumbani; nenda ukapimwe presha ya macho na mshipa wa nyuma, ukiwa na hiyo chupa mkononi, daktari akupangie namna ya kupunguza. Kitengo cha macho cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hakiko mbali na ulipo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo ipo. Wekundu wako huenda ni mzio wa vumbi pamoja na ukavu, na hali hizo mbili zina dawa zisizo na hatari hii. Kibandani, vaa miwani myepesi inayokinga upepo, nawa uso kwa maji safi badala ya kufikicha macho kwa vidole vilivyoshika noti siku nzima, na chupa yoyote ya matone iliyofunguliwa uitupe baada ya wiki nne, hata kama imebaki nusu.

Nawaomba pia wanaouza dawa, ambao wengi wao wanafanya kazi kwa uaminifu mkubwa na ndio watu wa kwanza kumsikiliza mgonjwa: matone yenye steroidi yasitoke bila cheti cha daktari, hata mteja akisisitiza kwamba ndiyo aliyozoea.

SWALI: Nina miaka 52 na ninavaa miwani ya kuona mbali tangu nikiwa sekondari. Tangu juzi jicho la kulia linaona vitu vyeusi vingi vinavyoelea kama inzi, na nikiwa gizani naona mwanga unamemetuka pembeni kama radi. Nimepunguza kutumia simu lakini bado. Nipumzishe macho kwa muda gani? (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Usipumzishe hata siku moja, nenda leo katika hospitali ya rufaa yenye daktari bingwa wa macho. Madoa mapya mengi pamoja na mimemetuko ya mwanga ni dalili kwamba retina inavutwa, na huenda imechanika. Ikiwa imechanika bila kubanduka, mara nyingi huweza kuzibwa kwa mionzi ya leza na uoni ukabaki. Ikishabanduka, dalili yake ni kivuli kama pazia kinachofunika upande mmoja wa jicho, na hapo kinachohitajika ni upasuaji mkubwa ambao matokeo yake hutegemea sana umewahi kiasi gani. Wewe umo katika kundi lenye hatari zaidi kwa sababu ya umri na kwa kuwa jicho lisiloona mbali ni refu na retina yake imevutika. Simu haikusababisha jambo hili, na kuiacha hakutaliponya. Barua hii tulimjibu mwenyewe kwa simu siku tuliyoipokea, lakini naichapisha kwa ajili ya wengine.

SWALI: Daktari, shikamoo. Ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa, umri wangu ni miaka 46. Tangu tulipopewa vishikwambi baada ya sensa ya mwaka 2022, kusoma kumekuwa kugumu: lazima nikisogeze kishikwambi mbali kwa mkono mzima ndipo nione. Je, nikirudishe? Halafu mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka 70, macho yanamchoma sana na yanatoa machozi. Hung'oa nywele za kope kwa kibano akapata nafuu siku chache. Wajukuu wanasema ni kwa sababu anakaa karibu na luninga. (Mwalimu, Kongwa)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kishikwambi kibaki nacho. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza ulaini wake na kushindwa kujikunja kwa ajili ya kuona karibu, na hali hii humpata kila mtu, mwenye skrini na asiye nayo. Utafiti uliofanywa vijijini hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006, wakati simu janja hazijafika huko, ulionyesha kwamba takriban watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa nayo. Wao waliitambua waliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua mawe kwenye mchele. Kishikwambi kimekuonyesha tu kitu ambacho daftari la mahudhurio lingekuonyesha mwaka unaofuata. Miwani ya kusomea, ya nguvu ndogo kwa umri wako, itamaliza tatizo.

Hata hivyo, usiinunue barabarani kabla hujapimwa, kwa sababu moja kubwa. Wilaya yako mwenyewe ilifanyiwa utafiti wa glakoma uliochapishwa mwaka 2000, na takriban watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi walikutwa na ugonjwa huo. Miwani ya barabarani itakusaidia kusoma, lakini haitakwambia kama presha ya macho yako iko juu.

Sasa mama. Nywele za kope anazong'oa ndizo zinazonieleza kuwa luninga haihusiki. Kope zake huenda zimejikunja kwa ndani, na kila anapopepesa nywele zinakwaruza kioo cha jicho. Akizing'oa anapata nafuu, zikiota upya, fupi na ngumu, zinakwaruza zaidi. Katika sehemu zetu hizi, kwa mtu wa umri wake, jambo la kwanza kufikiria ni trakoma, ambao wengi huuita vikope. Bakteria wake huenezwa na inzi, mikono na vitambaa kutoka uso mmoja kwenda mwingine, na mtoto anayeambukizwa mara nyingi hupata makovu ndani ya kope ambayo huzikunja miaka mingi baadaye. Kongwa inajulikana duniani kwa tafiti za ugonjwa huu. Mojawapo, iliyochapishwa mwaka 1995, ilihusu vijiji ambako familia zilihamasishwa kuwanawisha watoto nyuso, na ilionyesha kwamba watoto waliobaki na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Kama darasani kwako kuna watoto wenye matongotongo na inzi machoni, maji ya kunawa na kibuyu chirizi mlangoni ni kinga ya macho yao ya uzeeni.

Kovu kwenye kioo cha jicho likishakuwa zito halifutiki, lakini kope iliyojikunja hurekebishwa kwa upasuaji mdogo wa kugeuza ukingo wake, unaofanyika kwa ganzi ya mahali hapo, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Aache kibano, asitie maji ya majani wala dawa ya jirani, na umpeleke kituo cha afya waeleze ni lini na wapi upasuaji huo unafanyika wilayani. Siku mtakayokwenda, wewe naye mpimwe presha ya macho, na ndugu zako waliovuka miaka 40 wakipata nafasi waongozane nanyi.